Mabano Yaliyokosekana: Kisa cha Priprosesa ya Lugha ya C

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haraka haraka haina baraka. Makala haya nayaandika nikiwa na deni moyoni. Kwa siku tatu nzima nilimfanya mwenzangu aonekane mwizi mbele ya wanachama wa chama hiki chetu, na kumbe hakuiba hata ndururu. Kosa lilikuwa langu, tena dogo kama punje ya mtama. Nilisahau kuandika mabano mawili.

Wengi wenu mlikuwapo, lakini wanafunzi wa kidato cha kwanza huenda hawakijui kisa hiki. Mtakumbuka tulivyokubaliana kwamba kila mwanachama alipie gazeti. Bei ilikuwa shilingi 100, na chama kikaahidi kumpunguzia kila mtu shilingi 20 kutoka kwenye mfuko wake. Wanachama 45 walilipa. Mimi nilikuwa nimeazimwa na binamu yangu kitabu cha lugha ya C, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na kichwa kilikuwa kimenivimba kama andazi. Nikajitolea kuandika programu ya kukagua hesabu za chama. Ijumaa jioni, mbele ya mkutano, nikaiendesha. Kioo kikaonyesha kwamba zilipaswa kupatikana shilingi 4480. Mweka hazina alikuwa na shilingi 3600 mkononi.

"Shilingi 880 ziko wapi?" mtu akauliza.

"Jamani, 45 mara 80 si ni 3600?" mweka hazina akajitetea, kijasho chembamba kikimtoka.

"Wewe na kompyuta, nani anajua hesabu? Kompyuta haidanganyi!"

Watu wakaguna. Nami, badala ya kuiangalia upya programu yangu, nikatikisa kichwa kukubali. Kengele ya chakula ikalia, mkutano ukavunjika, na mwenzetu akabaki na jina baya hadi Jumatatu, mwalimu mlezi alipochukua kalamu na karatasi akapiga hesabu kwa mkono. Akaniita. "Mwanangu," akasema kwa upole, "hii mashine yako ilisomea hesabu wapi?"

Basi nikarudi kwenye programu, mstari kwa mstari, mpaka nikakutana na hii mistari miwili:

#define ADA 100 - 20
jumla = 45 * ADA;

Ukiitazama haraka huoni kasoro. ADA ni 100 toa 20, yaani 80, na 45 mara 80 ni 3600. Lakini kompyuta haikusoma hivyo. Katika lugha ya C kuna karani anayeitwa priprosesa. Kazi yake ni kuipitia programu kabla haijafika kwa kompaila, ambayo ndiyo huigeuza programu kuwa lugha ya mashine. Karani huyu hajui hesabu. Unapomwambia kwamba ADA ni 100 - 20, yeye hakokotoi chochote. Anachofanya ni kufuta neno ADA kila anapoliona na kuandika 100 - 20 mahali pake. Jina la namna hiyo huitwa makro. Kwa hivyo kompaila ililetewa mstari huu:

jumla = 45 * 100 - 20;

Na kama tulivyofundishwa tangu shule ya msingi, kuzidisha hutangulia kutoa. 45 mara 100 ni 4500, toa 20 unapata 4480. Laiti ningeandika (100 - 20), ndani ya mabano, mwenzangu angelala usingizi wake bila taabu.

Jambo hili liliniudhi sana. Nikajiuliza, je, hao waliozitunga kanuni za lugha hii hawakuuona mtego huo? Nilipochunguza nikagundua kwamba waliujua vyema. Ningependa kukueleza, ndugu msomaji, kwa nini waliuacha, maana sababu yao si ya kipuuzi hata kidogo.

KARANI ALIYEANZA KAMA MGENI

Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie, mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara za Bell Labs kule Marekani. Priprosesa haikuwapo tangu mwanzo. Iliongezwa yapata mwaka wa 1972 au 1973, na kwa miaka kadhaa ilichukuliwa kama mgeni wa kando tu. Mtu aliyeihitaji ilimbidi aanze programu yake kwa alama ya # kwenye mstari wa kwanza, la sivyo karani haamshwi kabisa. Kazi zake zilikuwa mbili: kuingiza faili moja ndani ya nyingine, na kubadilisha jina kwa maandishi mengine kama tulivyoona. Baadaye Mike Lesk na kisha John Reiser waliipanua, ikapata makro zenye nafasi za kujazwa, kwa mfano:

#define MRABA(x) ((x) * (x))

Hapa x ni nafasi tu. Ukiandika MRABA(7), karani ataandika ((7) * (7)).

Mwaka wa 1978 Brian Kernighan na Dennis Ritchie walitoa kitabu cha lugha ya C ambacho kilienea kote. Lakini kitabu hicho hakikueleza kila kipengele cha priprosesa. Palipobaki pengo, kila mtengeneza kompaila alilijaza kwa busara yake mwenyewe. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, si ndivyo? Matokeo yake, programu iliyokubaliwa na kompyuta moja ilikataliwa na nyingine. Mbaya zaidi, nyingine iliikubali kisha ikatoa jibu tofauti.

Ndipo mwaka wa 1983 shirika la viwango la Marekani, ANSI, likaunda kamati iliyoitwa X3J11. Kazi yake ilikuwa kuisanifisha lugha ya C. Ilichukua takriban miaka sita: sanifu hiyo ilipitishwa Desemba 1989, na mwaka uliofuata, 1990, ikakubaliwa na shirika la kimataifa la ISO.

Usidhani kamati ilikuwa na uhuru wa kuandika ilichotaka. Tayari kulikuwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa C, zikifanya kazi za watu. Kwa hivyo wanakamati walijiwekea misingi, na miwili kati yake ndiyo inayotuhusu hapa. Kwanza, programu zilizokwisha kuandikwa zina thamani kubwa kuliko kompaila zilizokwisha kutengenezwa. Afadhali mtengeneza kompaila mmoja asumbuke kuliko waandishi elfu wa programu. Pili, mabadiliko ya kimyakimya yaepukwe. Kanuni mpya ikiifanya programu ya zamani ikataliwe kwa kelele, mwenyewe ataona na kurekebisha. Lakini programu ikikubaliwa na huku jibu lake limebadilika bila yeyote kujulishwa, hilo ni balaa. Mimi na mweka hazina wetu ni mashahidi wa kosa la kimyakimya!

BEI YA KILA KANUNI

Hebu sasa tutazame mifano ya uamuzi wao. Utaona kwamba kila kanuni ilinunuliwa, na bei ililipwa na mtu.

Mfano wa kwanza ni wa kuunganisha maneno. Katika C, maelezo ya pembeni ambayo kompyuta haipaswi kuyasoma huandikwa kati ya /* na */. Baadhi ya priprosesa za zamani ziliyafuta maelezo hayo bila kuacha chochote. Wajanja wakagundua kwamba wakiandika chama/**/letu, karani atafuta maelezo yaliyo katikati na maneno mawili yatashikana kuwa jina moja, chamaletu. Ujanja huo ukawa na faida kubwa ndani ya makro. Lakini priprosesa nyingine ziliacha nafasi, na huko ujanja haukufua dafu.

Kamati ikaamua kwamba maelezo yote yahesabiwe kuwa nafasi moja tupu. Basi wale wajanja wakanyang'anywa chombo chao. Hawakuachwa mikono mitupu, hata hivyo. Walipewa alama mpya, ##, ambayo kazi yake ni kuunganisha tu. Bei yake ni kwamba programu zao za zamani zilibidi zirekebishwe. Lakini mara nyingi programu ya namna hiyo hukataliwa waziwazi, maana maneno mawili yaliyoachana hayaleti maana kwa kompaila. Kwa hivyo kosa lilikuwa la kelele, na kelele ina tiba.

Mfano wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Tazama makro hii:

#define ONYESHA(x) printf("x = %d\n", x)

Ukiandika ONYESHA(jumla), unatarajia nini? Katika baadhi ya priprosesa, ile x iliyo ndani ya alama za kunukuu ilijazwa pia, na kioo kikaonyesha jumla = 3600. Katika nyingine, maandishi yaliyonukuliwa hayakuguswa, na kioo kikaonyesha x = 3600. Pande zote mbili zilikuwa na programu zilizozoea hali hiyo. Kamati ifanyeje? Ikichagua upande wowote, programu za upande wa pili zitabadilika, tena kimyakimya, kwa kuwa zote zitaendelea kukubaliwa na kompaila.

Uamuzi ulikuwa kwamba ndani ya alama za kunukuu karani asiguse kitu. Kwa wale waliohitaji huduma hiyo, ikaletwa alama ya # ya kugeuza nafasi kuwa maandishi ya kunukuliwa. Sasa mtu huandika hivi:

#define ONYESHA(x) printf(#x " = %d\n", x)

Ni mahali ambapo kamati ilikubali hasara iliyoiogopa yenyewe. Palipokuwa na mgawanyiko tayari, hapakuwa na njia ya kumridhisha kila mtu. Ikachagua kanuni ambayo mwanafunzi anaweza kuikumbuka, kwamba kilichonukuliwa hakiguswi.

Mfano wa tatu ni wa makro inayojitaja yenyewe. Mtu akiandika #define ADA (ADA + 5), priprosesa za zamani zingeweza kuzunguka bila kikomo. ADA inaleta ADA, nayo inaleta ADA nyingine, mithili ya mbwa anayeukimbiza mkia wake. Kamati ikasema kwamba jina likijitokeza tena ndani ya upanuzi wake lenyewe, karani aliache lilivyo. Kanuni hii ilileta faida. Sasa unaweza kuifunika kazi fulani ya programu kwa makro yenye jina lilelile, ili uipime au uilinde, bila hofu ya mzunguko.

Lakini hata hapo bei ilikuwapo. Tazama mfano huu, ambao umo katika maandishi ya sanifu yenyewe:

#define f(a) a*g
#define g(a) f(a)

Ukiandika f(2)(9), je, ile f inayozaliwa mwishoni bado imo ndani ya upanuzi wa kwanza, au imekwisha kutoka? Ukisema imo, jibu ni 2*f(9). Ukisema imetoka, jibu ni 2*9*g. Sanifu inakubali yote mawili, na inamtahadharisha mwandishi asitegemee lolote kati yake. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilicheka. Kamati nzima, halafu inasema jibu ni hili au lile! Baadaye nikaelewa. Kulifunga pengo hilo kungehitaji kanuni ndefu kwa ajili ya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu haliandiki, na kungewaadhibu watengeneza kompaila waliokuwa wamechagua upande kwa nia njema.

Mfano wa nne ni wa herufi. Miaka hiyo kompyuta za nchi nyingi za Ulaya zilitumia seti za herufi ambamo alama muhimu za C zilichukuliwa na herufi za nyumbani. Uingereza, palipofaa kuwa na # paliwekwa alama ya pauni. Ujerumani, mabano ya mraba yalikuwa Ä na Ü. Je, Mjerumani aandikeje C? Kamati ikatunga vifungu tisa vya herufi tatutatu, vyote vikianza kwa ??. Kwa mfano ??= ni #, na ??! ni ile fimbo ya wima, |. Wazungu hao wakapata mlango.

Bei yake? Karani huvibadilisha vifungu hivyo kila mahali, hata ndani ya alama za kunukuu. Yaani kama ningeandika katika programu yangu printf("Pesa ziko wapi??!"), kompaila yenye kufuata sanifu ya 1989 ingeonyesha: Pesa ziko wapi| . Ajabu ya Musa! Kwa ajili ya kuwasaidia wachache, wengi waliwekewa mtego mdogo. Herufi za kompyuta ziliposanifishwa duniani, haja hiyo ikapungua. Lugha ya C++ iliviondoa vifungu hivyo katika sanifu yake ya 2017, na C nayo ikaviondoa katika C23, iliyochapishwa mwaka wa 2024.

NA SISI TUNA YETU

Msomaji huenda anauliza haya yote yanaihusu nini jarida la Chama cha Kiswahili. Yanatuhusu sana. Kiswahili chenyewe kimepita njia hiyohiyo. Mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kimvita, chenye hazina kubwa ya mashairi, kikawekwa kando.

Faida tunaijua. Mwanafunzi wa hapa na wa Tanzania wanasoma kitabu kimoja. Bei tunaijua pia. Mzee wa Mombasa akisema "ndia", msomaji wa sanifu atashtuka kidogo kisha atang'amua kwamba ni njia. Hilo ni badiliko la kelele. Lakini akimwambia mjukuu wake "ndoo hapa", naye mjukuu amekulia kwenye sanifu peke yake, yule mtoto anaweza kwenda kuleta ndoo ya maji, ilhali babu anamwita aje. Neno limekubaliwa, maana imebadilika, na hakuna aliyepiga kengele. Hilo ni badiliko la kimyakimya. Wanakamati wa C na wanakamati wa Kiswahili hawakujuana, lakini walibeba mzigo wa aina moja.

KWA NINI MTEGO ULIACHWA

Sasa turudi kwenye mabano yangu. Kwa nini sanifu haikumwamuru karani aweke mabano kila anapobadilisha jina? Jibu ni kwamba makro haikuwa ya namba tu. Watu walikuwa wakiitumia kwa kipande chochote cha programu. Kwa mfano:

#define MILELE for (;;)

Hii huanzisha kazi inayojirudia bila kukoma. Ukiizungushia mabano, inavunjika papo hapo. Wapo waliotumia makro kwa nusu ya sentensi ya programu, na wapo walioitumia kwa majina ya aina za data. Mabano ya lazima yangeniokoa mimi na kuwaangamiza wao. Na karani hawezi kukisia ni lini aweke na lini asiweke, kwa kuwa hajui kabisa kama anachonakili ni hesabu au ni kitu kingine. Ujinga wake ndio unaomfanya afae kwa kila kazi, na ujinga huohuo ndio ulioniponza.

Walichofanya wanalugha wa C ni kufungua njia nyingine pembeni, bila kuibomoa ile ya zamani. Sanifu ya 1989 ilileta neno const. Ukiandika const int ADA = 100 - 20; kompaila yenyewe ndiyo inayoshughulika, nayo inajua hesabu, kwa hivyo ADA inakuwa 80 kabla ya kuzidishwa na chochote. Sanifu ya C23 imeongeza constexpr kwa kazi kama hiyo. Karani bado yupo, na bado hajui hesabu. Anayetaka kumtumia amtumie akijua tabia zake.

Nilipomaliza kuyasoma haya, hasira zangu kwa kamati zikaisha, zikabaki zangu kwangu mwenyewe. Kamati ilipima nani ataumia kabla ya kuamua. Mimi sikupima. Nilikuwa na jibu la kompyuta mkono mmoja na heshima ya mwenzangu mkono wa pili, nikaitupa heshima ya mwenzangu.

Jumatatu ile jioni nilisimama mbele ya mkutano nikaandika ile mistari miwili ubaoni, nikaeleza kosa, nikamwomba mweka hazina radhi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nilikuwa nimeshaanza kuuliza nyumbani kama wanaweza kunitumia hizo 880." Ukumbi ulitulia kimya. Sentensi hiyo sitaisahau.

Siku hizi hesabu za chama bado nazikagua kwa kompyuta, ila kwa sharti alilolitoa yeye mwenyewe. Kabla sijaiendesha programu mbele ya watu, lazima niketi naye tuipitie kwa kalamu na karatasi. Hajui C, lakini huweka kidole kwenye kila mstari wenye alama ya # na kuuliza swali moja tu: "Mabano yapo?"

Hadi toleo la mwaka ujao, wasalaam.